Mtoto anakohoa na kipimo kimeonyesha mstari mmoja: aende shule au abaki?

Kipimo cha haraka cha Korona nilikiweka juu ya kabati la vyombo, nikaingia jikoni kuepua muhogo. Hapo hapo jirani akapiga hodi. Tukakaa barazani, mazungumzo yakanoga, na nilipokuja kukikumbuka ilikuwa imepita saa moja na nusu. Nikakuta mstari wa pili, ule wa ugonjwa. Mwembamba, wa kijivu. Ukiutazama umesimama huuoni, ukiinama kwenye mwanga wa dirisha unauona. Binti yangu Zuhura, ambaye hakuwa na kikohozi wala homa, akabaki nyumbani siku kumi. Mitihani ya nusu muhula ikampita yote.

Hiyo ilikuwa Machi 2022, hapa Mikindani. Miezi miwili kabla nilikuwa nimekosea upande wa pili. Kaka yake, Swalehe, alianza kukohoa Jumapili usiku. Nikampima Jumatatu alfajiri, kikatoka hasi, yaani mstari mmoja tu, nikampa sare akaenda zake. Jumatano nikampima tena, mstari wa pili ukajitokeza kabla hata dakika tano hazijaisha, mwekundu kama hina ya bi harusi. Ijumaa mama mkwe wangu, anayelala chumba kimoja na wajukuu, naye akaanza kukohoa. Alikuwa amechanja Septemba 2021 na alipona, ila kwa wiki tatu nilikuwa nalala nikisikiliza pumzi yake.

Kinachoniaibisha ni kwamba kazi yangu ni hii hii. Mimi ni msaidizi wa maabara kwenye zahanati mjini Mtwara, na kuna siku nasoma vipimo vya malaria ishirini. Kazini nina saa ya mezani. Nyumbani nilikuwa na muhogo na jirani.

Vipimo vyenyewe aliniletea mdogo wangu anayeishi Leicester. Uingereza wakati ule walikuwa wakivigawa bure, sanduku moja vipimo saba, mpaka ugawaji ulipokoma England kwa watu wengi tarehe 1 Aprili 2022. Siku hizi mtoto akikohoa watu hawaitaji tena Korona. Wanasema mafua, wanasema vumbi la kaskazi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi hakikuondoka, na bado mwalimu mkuu anaweza kukupigia simu akuulize: je, mwanao arudi lini?

Kwanza malaria

Huku kwetu Kusini mtoto akichemka, jambo la kwanza ni tone la damu la kipimo cha haraka cha malaria, hata kama anakohoa, hata kama darasa zima linakohoa. Nimeona wazazi waliohangaika na Korona siku tatu huku mtoto ana malaria inayopanda. Mpeleke zahanati, apimwe. Malaria ikionekana apewe dawa mseto amalize dozi. Halafu ujue kwamba malaria haifukuzi Korona; mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo kikohozi chake bado ni kikohozi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kipimo chochote: mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, analegea hata haamki vizuri. Kwa wadogo hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40 au zaidi. Hapo chukua bodaboda uende, mambo ya shule yatasubiri. Na nyungu, tafadhali, mtoto usimfunike blanketi juu ya sufuria inayochemka. Vidonda vya maji ya moto nimeviona zahanati, na ni vibaya kuliko kikohozi kilichomfikisha huko.

Kupima kwenyewe

Anza na joto. Vipimo hivi huandikwa kwenye sanduku vitunzwe kati ya nyuzi 2 na 30. Masanduku ya mdogo wangu yalisafiri kutoka Dar es Salaam kwenye buti la basi, Desemba, zaidi ya kilomita 500, na tulipoyashusha mkono ulihisi kama umegusa mkate uliotoka tanuri. Niliyaweka chini kwenye sakafu, mahali pa baridi, nikajifariji kwamba hayakudhurika. Leo nisingejifariji. Kipimo kilichopigwa na jua kinaweza kukosa ugonjwa uliopo. Ukinunua, uliza kilikaa wapi. Kama kilikuwa kwenye kioo cha mbele cha duka kinachopigwa na jua la saa nane, mwachie mwenyewe.

Kisha fanya hivi. Mwambie mtoto apenge kamasi. Nawa mikono. Fungua pakiti wakati huo huo unaotumia, maana unyevu wa pwani yetu unaingia kila mahali. Kijiti cha pamba kiingie puani kama sentimeta mbili na nusu, kigusane na ukuta wa pua, kizungushwe mara tano, kisha pua ya pili kwa kijiti kile kile. Kugusa mlangoni tu hakusaidii. Mtoto akishapimwa na machozi hayajamlengalenga hata kidogo, mimi huwa na wasiwasi kwamba nimemwonea huruma mno. Kizungushe kijiti ndani ya kichupa chenye maji yake, kikamue kwa kubana kuta za kichupa, halafu dondosha matone kwenye kadi ya kipimo, ukiyahesabu kama maelekezo yanavyosema. Yakisemwa manne, yawe manne.

Weka kadi mahali pa tambarare, kisha washa kengele ya simu. Sanduku langu lilitaka kusoma kati ya dakika 15 na 30. Lako linaweza kuwa tofauti, soma karatasi yake. Usisome mapema, kwa sababu mstari dhaifu huchelewa. Usisome baada ya muda, kwa sababu maji yanapokauka huacha kivuli kinachofanana na mstari. Hicho ndicho nilichokiona juu ya kabati.

Mstari wa C ni wa kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kadi hiyo itupe, haijasema kitu. Mstari wa T ndio wa ugonjwa. Ukitokea ndani ya muda, hata ukiwa umefifia, ni chanya. Watu wengi hufikiri mstari hafifu ni nusu ugonjwa. Hapana. Mstari ni mstari.

Jambo la mwisho hapa ni la kuchekesha. Mwaka 2021 watoto wa shule Uingereza waligundua kwamba wakidondosha juisi ya machungwa au soda kwenye kadi, mstari unatokea, wanapata likizo. Asidi inaharibu mpangilio wa kemikali za kipimo ndipo mstari unajichora wenyewe. Kwa hiyo kama sanduku lako linataka kijiti kipite na kooni, mtoto aliyetoka kunyonya ukwaju asubiri kwanza, angalau nusu saa. Na ukiona mwanafunzi wa darasa la saba anaomba ajipime mwenyewe asubuhi ya jaribio la hisabati, kaa naye.

Najua hapo kuna atakayeniambia habari za papai. Mei 2020 Rais Magufuli alitangaza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zilirudi zikionyesha virusi, na tangu siku hiyo ukitaja kipimo cha Korona barazani lazima mtu acheke. Sibishani. Kile kilikuwa kipimo cha maabara kuu, hiki ninachokieleza ni kadi ya puani, ni aina tofauti. Ila somo la kwamba kipimo kinaweza kukosea nalikubali, na ndiyo sababu nataka ujue kinakosea upande gani.

Mstari mmoja

Mapitio makubwa ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopitia tafiti za afya, yaliyotoka 2022 yalikuta hivi: kwa watu wenye dalili ambao kweli wana Korona, vipimo hivi vya haraka hukamata kama 73 katika kila 100. Kwa wasio na dalili hukamata kama 55. Wenye dalili wakipimwa ndani ya wiki ya kwanza idadi inapanda kufikia kama 81, wiki ya pili inashuka hadi kama 54.

Zilete hesabu hizo shuleni kwetu. Chukua watoto 100 wanaokohoa, wimbi likiwa limepamba moto, na tuseme 30 kati yao wana Korona. Kipimo kitawakamata 22. Wanane watapewa majibu hasi na watarudi darasani, kwenye dawati la watoto watatu. Swalehe wangu alikuwa mmoja wa hao wanane.

Kwa mtoto mwenye dalili, hasi moja ichukulie kama "bado sijaona". Mpime tena baada ya saa 48. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa ushauri huo Agosti 2022: mwenye dalili apime mara mbili, saa 48 katikati, asiye na dalili aliyekaa na mgonjwa apime mara tatu, kila mara saa 48 katikati. Sababu yake inaeleweka. Mtu aliyewahi kuugua au kuchanja, mwili unaamka haraka, anaanza kukohoa kabla virusi havijajaa puani. Unapima siku ya kwanza, pua bado haina cha kuonyesha.

Huna kipimo cha pili? Basi siku mbili za nyumbani zifanye kazi yake. Kumbakiza Jumatatu na Jumanne mtoto anayekohoa ni gharama ndogo. Ningelilipa hilo, mama mkwe angeendelea kwenda kwake sokoni.

Mistari miwili

Kwa mtoto mwenye dalili, chanya iamini. Mapitio yale yale yalikuta kwamba kati ya watu 100 wasio na Korona, zaidi ya 99 hupata hasi kama inavyotakiwa. Usitafute kipimo cha pili ukitarajia kikupe jibu unalolipenda.

Kwa mtoto mzima kama Zuhura, wakati ugonjwa umepungua mjini, hesabu inageuka. Pima watoto 1,000 wasio na dalili, wenye ugonjwa wawe wawili tu. Kipimo kitamkamata mmoja. Kati ya wale 998 wazima, kitawakosea kama wanne. Una watoto watano wenye mistari miwili, na wanne wao ni wazima. Kwa hiyo asiye na dalili akitoka chanya, mweke kando siku hiyo, mpime tena kesho kwa kadi nyingine na kengele ya simu. Ningefanya hivyo Machi ile, Zuhura angefanya mitihani yake. Siku ya nne nilimpima, hasi. Ya sita, hasi. Nami nikang'ang'ania siku kumi kwa sababu nilishamwambia mwalimu siku kumi. Aibu tu.

Kuna vipimo vingine viwili vinavyochanganya familia. Kile cha PCR, cha maabara kubwa, kinaona hata vipande vya kirusi kilichokufa, hivyo mtoto aliyepona anaweza kuendelea kutoka chanya wiki kadhaa. Kina mama wa huku wanaielewa haraka nikiwapa mfano wa malaria: mtoto amemaliza dawa mseto, anacheza mpira, lakini kipimo cha haraka bado kinaonyesha mistari miwili kwa sababu mabaki ya vimelea yamo kwenye damu. Usitumie PCR kuamua siku ya kurudi shule. Cha pili ni kile cha tone la damu kinachotafuta kinga. Hicho kinakwambia mwili umewahi kukutana na kirusi au chanjo. Cha leo hakijui.

Kuhesabu siku

Siku dalili ya kwanza ilipoonekana ni siku ya sifuri. Swalehe alikohoa Jumapili usiku, basi Jumapili ni sifuri, Jumatatu ni moja, Ijumaa ni tano. Wazazi wengi huanza kuhesabu siku ya kipimo, wanapoteza siku tatu za masomo bure. Kwa asiye na dalili ndipo siku ya kipimo inakuwa sifuri. Mimi huandika tarehe kwa mkaa ukutani jikoni, maana kichwa cha mama mwenye mgonjwa hakina nafasi.

Miongozo imebadilika mara nyingi, usishangae ukisikia namba tofauti. Mwaka 2020 tuliambiwa 14. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema siku kumi kwa mwenye dalili na tano kwa asiye nazo, na anaweza kutoka mapema akipima kwa kadi akatoka hasi. Marekani tangu Machi 2024 wanasema arudi akiwa amekaa saa 24 bila homa bila dawa na hali kwa jumla inaimarika, kisha ajihadhari siku tano zaidi.

Zahanati yako au mwalimu mkuu akikupa utaratibu, fuata huo. Wasipokupa, mimi nyumbani kwangu hufanya hivi: mwenye mistari miwili na dalili haendi popote mpaka siku ya tano iishe na awe amepitisha saa 24 bila homa. Siku ya sita nampima. Hasi, anaenda. Chanya, anabaki, napima tena baada ya siku mbili. Sina kadi, anakwenda kwa barakoa hadi siku ya kumi, na anakaa karibu na dirisha. Kama mwalimu wake ni mjamzito au ana kisukari, namsubirisha zote kumi.

Hiyo "bila homa bila dawa" isome mara mbili. Kuna mama hapa mtaani alimpa mwanawe Panadol saa kumi na moja alfajiri, saa moja mtoto yuko mstarini mkavu kabisa, saa nne anatetemeka dawatini. Saa 24 zinaanza kuhesabiwa baada ya nguvu ya dawa ya mwisho kuisha.

Na madrasa ni shule. Nimewaona watoto waliokatazwa kwenda darasani asubuhi wakipelekwa chuoni jioni, wakae mkekani bega kwa bega, wasome kwa sauti moja. Ukimbakiza, umbakize kote.

Aliyekaa dawati moja na mgonjwa

Huyu hajaumwa, na hapa ndipo shule nyingi zilipoteza masomo mengi. England walijaribu mwaka 2021 kwenye shule na vyuo 201: upande mmoja aliyekaribiana na mgonjwa alikaa nyumbani siku kumi, upande mwingine aliendelea kusoma huku akipimwa kila siku. Maambukizi hayakuonekana kuwa mabaya zaidi kwa wale walioendelea kusoma. Sisi hatuna kadi za kila siku. Lakini asubuhi unaweza kumshika paji la uso, ukamsikiliza, ukamuuliza koo linawasha? Akiwa mzima, aende, avae barakoa, na kwa siku kumi asilale na bibi. Akianza kukohoa, anakuwa mgonjwa, rudi kule juu.

Wa bweni ni habari nyingine. Shule ya mpwa wangu, upande wa Masasi, iliwahi kuwarudisha nyumbani wote waliokohoa. Wakapanda basi moja, madirisha yamefungwa kwa mvua, wakafika kwa bibi zao. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, muulize mwalimu wa afya kama kuna chumba anachoweza kulala na wenzake wanaoumwa, wewe utume hela ya maziwa na dawa. Mara nyingi kuna.

Nyumba ya vyumba viwili

Kumtenga mtu watu wa Kusini tunajua. Nani hajawahi kuona mwali akiwekwa ndani? Tofauti ni kwamba mgonjwa huyu anataka upepo. Mchana akae barazani. Usiku alale karibu na dirisha lililo wazi, ndani ya chandarua, na mtu wa hatari zaidi, kwetu ni bibi, ahame chumba. Ahame bibi kabla majibu hayajatoka, usisubiri mstari. Kikombe chake kimoja, sahani yake moja, kibuyu chirizi mlangoni.

Halafu mwandikie mwalimu. Usiandike "mtoto anaumwa Korona" kwenye kundi la wazazi. Zuhura aliitwa Korona mpaka Juni kwa mstari wa kivuli. Mtumie mwalimu wa darasa peke yake, na mpe tarehe badala ya maneno mengi. Mimi niliandika hivi safari iliyopita:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi mama Zuhura. Mdogo wake, Hamisi wa darasa la pili, alianza kukohoa Jumanne tarehe 4. Malaria hana. Alhamisi kipimo cha Korona kimeonyesha mistari miwili. Siku ya tano ni Jumapili tarehe 9. Nitampima Jumatatu tarehe 10. Akiwa hasi na hana homa atakuja Jumanne na barakoa. Zuhura ni mzima, anakuja shule, namwangalia kila asubuhi. Naomba daftari la Hamisi la hesabu, Zuhura atalichukua."